Utundike pale utakapoweza kuushusha

Swali la wiki iliyopita lilikuwa hili: mtu asiye na bustani wala nafasi ya vyungu aitundike vipi ndani ya nyumba mimea isiyohitaji udongo, yaani mimea ya hewa, na ipendeze? Mimi ni fundi cherehani hapa Moshi. Nakaa vyumba viwili vya kupanga vyenye baraza jembamba mbele, na mimea hiyo ninayo mwaka wa nne sasa. Nilianza na mitano niliyoachiwa na mteja aliyekuwa anahama. Leo nina ishirini na mmoja, ukiacha niliyogawa.

Kabla hujatafuta ukuta utakaopendeza, jiulize mmea huo utaushushaje Jumapili asubuhi. Maana ni lazima ushuke. Uoge kwenye beseni, ukung'utwe, ukauke, ndipo urudi juu. Kitundikio kinachokupandisha juu ya kiti na kukufungulisha mafundo kumi utaanza kukikwepa wiki ya tatu, na mmea utakauka taratibu huku wageni wakiendelea kuusifia kwa mbali.

Tunaiita mimea ya hewa, na wengi wameelewa kwamba inaishi kwa hewa tupu. Sivyo hata kidogo, na kosa hilo ni la zamani. Jina lake la kitaalamu, Tillandsia, lilitolewa na Carl Linnaeus, mwanamimea wa Uswidi, kumkumbuka Elias Tillandz, daktari na mwanamimea wa karne ya 17 aliyefundisha Turku, Ufini. Inasimuliwa kwamba Tillandz aliugua sana baharini akielekea Stockholm, hata wakati wa kurudi akaamua kuizunguka ghuba yote kwa nchi kavu. Linnaeus akaona jina la mtu huyo linaufaa mmea usiopenda maji. Lakini chukua mmea mmoja uusogeze dirishani uutazame vizuri: majani yamefunikwa na kitu kama vumbi la unga, rangi ya fedha. Hayo ni magamba madogo madogo, na ndiyo yanayonyonya maji. Mizizi kazi yake ni kushikilia tu. Uzamishe kwenye maji, na kabla hujamaliza kukunja mikono ya shati ile fedha imeshageuka kijani. Mimi bado napenda kuliangalia jambo hilo kila wiki.

Naiacha majini dakika ishirini hadi thelathini, kisha naigeuza kichwa chini na kuikung'uta. Baada ya hapo ndani ya saa nne hivi iwe imekauka. Asubuhi, si jioni: mmea huu hufunga vitundu vyake vya kupumulia mchana ili usipoteze maji, ukavifungua usiku. Ukiulaza umelowa, umeuziba saa ile ile unapopumua.

Hilo nilijifunza kwa tufe la kioo. Lilikuwa zuri, lina tundu moja ubavuni na kamba ya katani, nikalitundika katikati ya sebule. Mmea sikuutoa, nikawa naupulizia maji humo humo. Siku niliyoamua kuuogesha nilishika majani, yakachomoka mkononi. Kitovu kilikuwa cheusi, kimeoza. Kwa hiyo anayetaka kioo atafute chenye mdomo mpana, na mmea usirudi ndani mpaka ukauke kabisa. Binafsi kioo nimekiacha.

Wa pili uliharibika kwa waya wa shaba. Fundi umeme alikuwa ameacha vipande, vinang'aa, vinakunjika kama uzi, nikasuka kibembea kidogo. Baada ya wiki chache, pale waya ulipogusa majani pakaanza doa la kahawia, likapanda hadi kwenye moyo wa mmea. Shaba ni sumu kwa ukoo huu wote. Msumari wa kawaida, waya wa kufungia nondo, hata wenye kutu, haujanisumbua.

Sasa niingie kwenye kitundikio ninachokipenda kuliko vyote, gogo la mbuni, mti wa kahawa. Mwaka juzi mama alikata mibuni mizee kihambani, kwenye shamba letu la Kibosho, ili maotea mapya yapate nafasi, nikapanda kwenda kumsaidia kusomba. Matawi ya mbuni mzee yamepinda kila upande, yana vifundo na mashimo, na mti wake ni mgumu, hauozi haraka. Nikaanza kutenga mafupi.

"Mwanangu, kuni zote hizo mjini unampikia nani?"

Nikamweleza kwamba nataka kuyafungia maua. Mama akaja kuyachambua mwenyewe, akayasukuma mawili pembeni. "Haya acha, mama. Mti huu baba yako aliupiga sana mrututu."

Alikuwa ananiokoa bila kujua. Mrututu ni shaba ile ile, ndiyo iliyopigwa miaka na miaka kwenye mibuni yetu kupambana na magonjwa ya kahawa, chulebuni na kutu ya majani. Gome linaikamata na kuihifadhi. Kwa hiyo ukipewa mti wa mbuni, uliza kwanza historia yake ya dawa. Usipopata jibu, tafuta mti mwingine: mwembe, mparachichi, mkaratusi. Mbao zilizotiwa dawa ya kuzuia mchwa nazo ziache, nyingi dawa yake ina shaba.

Gogo langu nililimenya gome, nikalisugua kwa brashi ya kufulia na maji matupu, nikalianika wiki mbili. Kabla ya kulikata nilipima beseni. Hili nawaomba mlishike, kwa sababu sijaona mtu akilisema: kipimo cha gogo ni beseni lako. Langu lina upana wa sentimita 50, gogo likawa 40, likazama lote na mimea yake mitano bila kufungua chochote. Juu nilikaza skrubu ya pete ya chuma, nikalitundika kwa kulabu kwenye boriti ya baraza. Kulishusha ni sekunde tatu.

Kufunga nako kuna namna yake, na hapa ufundi wangu wa cherehani umenisaidia. Watu wanatumia gundi. Gundi inashika, lakini mmea ukiugua huwezi kuutoa bila kuuchana, na ukiujaza gundi kwenye kitako, mizizi haina pa kutokea. Chukua soksi ndefu ya nailoni ya kike iliyochanika, ikate mviringo upana wa kidole, upate pete zinazovutika. Zungusha mara mbili kwenye kitako cha mmea na kwenye tawi, funga kwa nyuma. Haikati jani, haishiki maji, inanyooka mmea unapokua. Uelekeze mmea ubavuni au uinamishe kidogo, usiangalie juu kama kikombe, ili maji yamwagike yenyewe. Ile yenye kitako kilichovimba kama kitunguu unaweza kuitundika kichwa chini kabisa, na inapendeza hivyo hivyo. Baada ya miezi kadhaa utaona mizizi myembamba, migumu kama nywele za ufagio, imeng'ata mti. Hapo kata nailoni, utupe.

Nondo za dirisha ni kitundikio ambacho karibu kila nyumba yetu inacho tayari. Nilikunja kulabu za umbo la S kwa plaizi, kila moja urefu wa kidole cha shahada, nikaziweka kwenye nondo ya juu ya dirisha la mashariki. Kila kulabu inabeba henga ya mtoto yenye vibanio viwili, kila kibanio kinashika kijiti kilichofungiwa mmea mmoja, si jani lake. Jua la asubuhi linapita mpaka saa nne, kisha linahama. Asubuhi ya kuogesha nabeba henga nzima. Wateja wangu wanaiona kabla hawajaona nguo. Angalieni tu kimo: nyumba ya bati isiyo na dari, sehemu ya juu ya chumba mchana inaungua. Shusha mpaka usawa wa macho. Na jikoni pa mkaa si mahali pake, mafuta na masizi yanaziba yale magamba.

Rimu ya baiskeli ya mtoto iliyolala, imening'inizwa kwa nyuzi tatu za kuvulia samaki, na mimea imekaa juu ya spoku, inajaza kona kubwa kwa gharama ndogo. Taa ya chemli ya zamani ukiitoa kioo na sehemu ya utambi, ambayo mara nyingi ni ya shaba, inabaki kizimba chepesi kinachopitisha hewa. Mimi yangu niliipata mnadani Memorial, chini ya rundo la vikapu. Kifuu cha nazi kinafaa, ila kitoboe chini.

Kuna aina moja inayotaka kutundikwa peke yake, nayo ni ile inayoshuka kama nyuzi za kijivu. Mimi naiita ndevu za babu. Aliyewahi kupanda Kilimanjaro kwa njia ya Marangu atasema ameiona msituni kuelekea kituo cha Mandara, imefunika matawi yote. Ile ya mlimani ni kitu kingine, inaitwa Usnea, ni ushirika wa kuvu na mwani, na hii ya nyumbani ni mmea kamili wenye ua. Lakini zinafanana kiasi kwamba wataalamu waliipa hii jina la usneoides, yaani inayofanana na Usnea. Tafadhali ya hifadhini msiichume. Ndevu za babu zigawe mafungu membamba, uyapange kwenye fito kama pazia. Fungu nene linapendeza mwezi mmoja, kisha nyuzi za ndani zinakosa mwanga na kukauka. Kwangu zinaning'inia mwisho wa baraza, zinakinga jua la jioni kwenye cherehani.

Msomaji atauliza aipate wapi. Ni ndugu wa nanasi, na kwao ni bara la Amerika. Katika ukoo mzima wa nanasi ni mmoja tu ulio wa asili ya Afrika, na huo uko Guinea, hivyo hii yote hapa kwetu ni migeni. Kuagiza nje bila kibali cha mimea hairuhusiwi, na mamlaka ya afya ya mimea, TPHPA, makao yake makuu yako hapo Arusha, kwa hiyo hatuna umbali wa kwenda kuuliza. Njia rahisi ni wauza maua wa kando ya barabara, na rahisi zaidi ni kwa aliye nayo.

Dada yangu yuko Arusha, Njiro, na niliyompa ilianza kupata ukoko mweupe. Maji mengi ya upande ule yana madini, floraidi ikiwemo, na yakikauka yanabaki juu ya jani. Nilimwambia aweke ndoo chini ya mchirizi wa bati, aache mvua ya kwanza ioshe paa, kisha akinge. Maji ya masika anayajaza kwenye madumu na anaogeshea mpaka Agosti. Juni na Julai, mawingu yanapokaa siku nzima na nguo hazikauki, anaogesha kila baada ya siku kumi, na mimi hivyo hivyo.

Wangu wa kwanza kabisa nimeuacha bila gogo wala kulabu. Ulikuwa mdogo kama kidole gumba. Mwaka wa pili majani ya katikati yakawa mekundu, ukatoa maua ya zambarau, membamba, na baada ya hapo mmea mama ukaanza kunyauka. Ni kama mgomba: unazaa mara moja, na watoto wanabaki pembeni. Watu huwatenga wakifika theluthi ya ukubwa wa mama yao. Hawa sikuwatenga. Wamezaliana wakageuka mpira, vichwa kumi na moja vinavyotazama kila upande, umeshikwa na uzi mmoja wa nailoni kwenye msumari juu ya cherehani yangu. Vitatu vimeanza kuwa vyekundu wiki hii.