Jibu: Kanisa letu la Kipresbiteri kijijini, historia yake nianzie wapi?

Ndugu, umeuliza kwa nini kanisa lenu dogo halina historia ndefu kama la Waanglikana jirani zenu, na uanzie wapi kuiandika.

Waliotangulia ndio waliochukua nafasi. CMS, wamisionari wa Kianglikana kutoka Uingereza, walifika kwa Kabaka Mutesa, mfalme wa Buganda katika Uganda ya leo, mwaka 1877; Mapadri Weupe, wamisionari wa Kikatoliki, wakafika 1879. Waskoti na Upresbiteri wao wakajikita Kikuyu, Kenya, mwaka 1898. Ila usidhani Upresbiteri haukukanyaga Buganda mapema. Alexander Mackay, yule fundi mitambo wa CMS aliyefika 1878, alikuwa mtoto wa mchungaji wa Kanisa Huru la Skotilandi, kule Rhynie. Alitumikia chini ya Waanglikana, akifundisha kwa Kiswahili kabla maandiko ya Kiluganda hayajapatikana, akafia Usambiro, kusini mwa Ziwa Victoria, 1890. Nashangaa Wapresbiteri wetu hawamtaji kabisa!

Kuhusu kuandika, msihangaike na barua za askofu, hamna askofu. Kwenu wanaoamua ni baraza la wazee, kwa hiyo anza na mihtasari ya vikao vyao na daftari la ubatizo. Kisha kiwanja: nani alikitoa, na kwa karatasi gani? Waulize wazee mmoja mmoja, kwa sababu wakikaa pamoja mdogo humwachia mkubwa aseme. Kama mko Buganda na ardhi ni ya mailo, yaani ule mfumo wa umiliki wa kudumu uliotokana na Mkataba wa 1900 kati ya Buganda na Waingereza, tafuteni jina la mwenye hati. Mara nyingi hapo ndipo utakuta familia iliyowakaribisha waumini wa kwanza.