Haki Mtandaoni: Maswali Yenu ya Wiki Hii

Binamu yangu ameitwa kituoni kwa sababu ya posti ya Facebook kuhusu mwakilishi wa wadi yetu. Ameambiwa aje na simu. Aende? (Nakuru)

Aende, ila asiende peke yake. Atafute wakili kwanza, na nyumbani wajue ni kituo gani na ameingia saa ngapi. Akikamatwa, Kifungu cha 49 cha Katiba ya Kenya kinampa haki ya kuelezwa sababu, kunyamaza, kuzungumza na wakili, na kwa kawaida kufikishwa kortini ndani ya saa 24. Simu nayo ina habari yake: sheria ya makosa ya kompyuta ya 2018 imeweka utaratibu wa polisi kuomba kibali cha mahakama ili kupekua data. Aulize kwa adabu kibali kiko wapi. Na asifute posti kwa hofu. Kufuta kunaweza kutafsiriwa kuwa ni kuficha ushahidi, na wakili wake atahitaji kuyaona maneno yenyewe, si masimulizi.

Haya mashirika ya haki za kidijitali yanatusaidia nini sisi wa mtaani? Naona semina za hoteli, fulana na posho tu. (Mombasa)

Ndugu yangu, semina hizo nimezikalia na chai yake nimeinywa, kwa hiyo sitakubishia sana. Lakini kazi yenye maana haipigwi picha. Mwaka 2015 Mkenya mmoja, Geoffrey Andare, alishtakiwa kwa maneno aliyoandika Facebook. Alishtakiwa chini ya kifungu cha 29 cha sheria ya mawasiliano, kilichotisha kwa faini ya hadi shilingi 50,000 au kifungo cha miezi mitatu kwa ujumbe "wa kuudhi mno". Mno kwa kipimo cha nani? Kinachomuudhi chifu huenda kikamchekesha mama mboga. Andare alikipinga kifungu hicho Mahakama Kuu kwa hoja hiyo, shirika la Article 19 likiingia naye kwenye kesi, na Aprili 2016 Jaji Mumbi Ngugi akakifuta kifungu chote: mwananchi hawezi kufungwa kwa sheria isiyomwambia mapema kosa ni lipi.

Tangu siku hiyo, kila mwenye kesi ya kifungu cha 29 alikuwa na pa kushika, hata kama hajawahi kuliona jina la shirika lolote. Kwa hiyo ukikutana na watu wa shirika, usiwaulize wamefanya semina ngapi. Waulize wamesimama katika kesi zipi, na wamepeleka bungeni maoni gani kuhusu mswada gani. Wakibabaika, hapo fulana zako zina hoja.

Intaneti ikizimwa siku ya uchaguzi, raia anaweza kufanya nini zaidi ya kulalamika? (Mwanza)

Swali limekuja kutoka mahali panapolijua. Tanzania ilizimiwa intaneti tangu siku ya uchaguzi, Oktoba 29, 2025, na watu wakakaa siku kadhaa bila kujua ndugu zao wako salama au la.

Kesi ninayopenda kuitaja ni ya Togo. Serikali yao ilikata intaneti Septemba 2017 wakati wa maandamano. Amnesty International Togo na wenzake wakaenda Mahakama ya ECOWAS, jumuiya ya nchi za Afrika Magharibi. Serikali ikajitetea kwa usalama wa taifa. Juni 2020 mahakama ikasema hakukuonyeshwa sheria yoyote iliyoruhusu kukata, kwa hiyo haki ya kujieleza ilivunjwa, na ikaagiza kila mlalamikaji alipwe faranga za CFA milioni mbili. Ilichukua karibu miaka mitatu, na intaneti ilikuwa imesharudi zamani.

Kesi ya namna hiyo huhitaji kumbukumbu. Andika kwenye daftari: saa mtandao ulipokatika, kampuni ya simu, eneo, kipi kiligoma na kipi kilifanya kazi. Wakala wa pesa kwa simu aandike na hasara yake. Kuhusu VPN, yaani programu ya kupita njia ya pembeni mtandao unapofungwa, kumbuka kanuni za Tanzania zinaibana, na mwaka 2023 TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya huko, iliwataka watumiaji waziandikishe. Jua hilo kabla hujawasha.

Bado kuna kosa la "mawasiliano ya kuudhi" Uganda? (Jinja)

Kifungu cha 25 cha sheria yao ya kompyuta, kilichozungumzia kuvuruga "utulivu" wa mtu, kilibatilishwa na Mahakama ya Katiba Januari 2023. Ila sheria hiyohiyo ilikuwa imeongezewa makosa mengine 2022. Usishangilie mapema.

Mchumba wangu wa zamani amesambaza picha zangu za faragha. Nyinyi mnaotetea uhuru wa kujieleza mnanitetea mimi au yeye? (Kitui)

Wewe, dada. Kifungu cha 37 cha ile sheria ya Kenya ya makosa ya kompyuta ya 2018 kinakataza hasa jambo hilo, na adhabu ni faini ya hadi shilingi 200,000, kifungo cha hadi miaka miwili, au vyote. Hapa kosa linaeleweka bila mkalimani.

Na nikuungamie jambo. Wanablogu wa Kenya, BAKE, walipoipinga sheria hiyo Mei 2018, mahakama ilisimamisha kwa muda vifungu 26, na hiki cha 37 kilikuwamo. Mpaka Februari 2020, Mahakama Kuu ilipovirudisha, wanawake kama wewe walikosa silaha hiyo. Niliunga mkono kesi ile na bado naona vifungu vya "habari za uongo" vilistahili kupingwa. Lakini cha 37 tungekiacha nje ya orodha.

Sasa hivi: hifadhi viungo, tarehe na majina ya akaunti, ripoti picha kwenye mtandao wenyewe, kisha upeleke nakala polisi ukiwa na mtu unayemwamini. Dai upewe nambari ya OB, kitabu cha matukio cha kituo, kabla hujatoka.