Haya makuti ni yangu

Swali lenu la wiki hii, eti "Je, uko tayari kulipa zaidi ili ulale kwenye hoteli ya pwani inayotunza mazingira?" Jibu la haraka ni kwamba hiyo hela sina, kwa iyo tungeishia hapo. Ila nimelala nalo siku mbili nikaona hapana ngoja niandike, maana mi mtu wa Mafia na hizo hoteli nimezifanyia kazi, na swali lenyewe naona mmemuuliza mgeni. Mngetuuliza sisi wa huku tungesema: hiyo hela ya ziada inashukia wapi?

Nilikuwa mhudumu miaka miwili kwenye loji moja upande wa Utende, jina naliacha. Mabanda ya miti na makuti, dirisha halina kioo, maji ya kuoga yanatoka kwenye ndoo ya kuning'iniza, sola ya taa na kuchajia simu basi. Choo ni kikavu, ukimaliza unachota majivu na majani makavu unamwagia. Na mgeni analipa usiku mmoja hela ambayo mi naisubiri mwisho wa mwezi.

Sasa siku moja tukaambiwa tulete wazazi waone tunapofanyia kazi. Mama akatoka Kirongwe na bodaboda, kavaa doti mpya kabisa. Nikamzungusha. Kufika chooni akacheka mpaka akashika ukuta, "Mwanangu, hiki si ndo tulichokikimbia tukajibana tununue sementi, leo wenzetu wanapanda ndege kukifata?" Nikamweleza habari za kutopoteza maji, sijui uchafu usifike kwenye matumbawe, akawa anaitikia "eee" ile ya kumridhisha mtoto.

Tukaingia banda kubwa la kulia chakula, akanyamaza. Anaangalia juu. Mara kavuta kiti kapanda, mtu mzima juu ya kiti cha wageni, mi nageuka huku na huku meneja asitokee. Akanyoosha mkono pale paa linaposhukia akashika kuti moja akalipapasa mpaka mwisho, kwenye fundo.

"Haya makuti ni yangu."

Nikamwambia mama, makuti si yote sawa tu. Alivyonitazama ni kama nimemtukana. Yeye akimalizia kuti anazungusha kamba mara mbili halafu anaipitisha kwa chini, bibi ndo alimfundisha hivyo, wenzake wanazungusha mara moja wanakata. Akanionyesha na kweli nikaliona, na nikishaliona nikawa naliona kila mahali, safu nzima ya upande wa baharini ni mafundo ya mama, ndani ya banda ambalo nimefagia miaka miwili sijawahi kuinua kichwa. Safu ya pili akasema ya jirani yetu, anamjua kwa haraka zake, majani yameachana. Mzigo ule waliuza kwa dalali, makuti matatu ndo unapata soda moja, na dalali hakusema yanaenda wapi.

Meneja akatokea, nikatafsiri. Alifurahi kweli, sitamsingizia, akaita wageni, mama akapigwa picha chini ya paa lake, picha nyingi, akaletewa juisi ya ukwaju. Kurudi, bodaboda nililipa mimi.

Nilitaka nimalizie hapo niseme hizi hoteli ni usanii mtupu. Lakini kadri naandika naona nadanganya kidogo. Kabla Hifadhi ya Bahari haijaanzishwa 1995 wazee wanasimulia baruti za kuvulia samaki zilivyokuwa zinalia baharini, matumbawe yanabaki kifusi. Kasa wa Juani, kisiwa kidogo jirani yetu, mayai yake yalikuwa yanaishia chunguni, leo wageni wanalipa kuangalia vitoto vikitoka na sehemu ya hela inabaki kijijini, kwa iyo mtu akiona kiota anakilinda. Papa potwe wakija Kilindoni, kuanzia Oktoba mpaka Machi, nahodha wa boti ni kijana wa hapa hapa. Na Chumbe, kile kisiwa cha hifadhi chenye loji kule Unguja, mabanda saba tu, wale walinzi wa kwanza walikuwa wavuvi. Kwa hiyo inawezekana. Mjomba wangu lakini hataki kusikia neno hifadhi, alikuwa anavua na kokoro, ule wavu wa kukokota, likapigwa marufuku, na hotelini hakuna aliyemwita kazini, na mi siwezi kumwambia kakosea.

Basi jibu langu, na mwenyewe nashangaa: ndio, mwenye hela alipe zaidi, na mdogo wangu akipata kazi pale kesho nitamsindikiza mwenyewe. Ila ukifika usiulize tu habari za sola, uliza na paa kalishona nani na kalipwa ngapi. Wakikwambia hawajui, hawadanganyi, hawajui kweli.

Makuti yakifika miaka minne mitano yanakuwa yamechoka, na nikihesabu paa lile mwaka huu linataka kubadilishwa. Namba ya meneja bado ninayo. Mama hajaniuliza kitu, ila juzi nimekuta uani rundo limeegemea ukuta, yote fundo la mara mbili, na dalali hajaitwa.