Banda la kuhamishika: mbona linanuka na mimi nafagia kila siku?

Barua nyingi safari hii zinahusu mabanda madogo ya magurudumu, yale ya kufugia kuku wachache uani mjini. Nimechagua tano.

Nina kuku watano. Nafagia banda kila asubuhi, lakini kufika mchana harufu inachoma pua. Nakosea wapi?

Kabla ya kulaumu ufagio, tafuta maji. Kinyesi kibichi cha kuku karibu robo tatu yake ni maji. Kikibaki na unyevu, bakteria huanza kuvunjavunja asidi ya yuriki iliyomo, na kinachotoka ni amonia, ndiyo hiyo inayokuchoma pua. Kikikauka upesi, kazi yao inadorora na harufu inakata.

Jaribu hivi: chota konzi moja ya maranda, uyafinye kwa nguvu, kisha ufungue kiganja. Yakimeguka na kutawanyika, yako sawa. Yakishikamana kama donge la ugali, yameshalowa, yatoe. Pima kona zote, maana mara nyingi tatizo liko mahali pamoja. Kwangu lilikuwa chini ya chombo cha maji. Kilikuwa kinadondosha tone moja moja, na maranda ya juu yalionekana makavu kabisa. Nilipoyafukua kwa vidole, chini kulikuwa na tope jeusi. Nikakining'iniza chombo usawa wa mgongo wa kuku, nikaweka sinia chini yake, na baada ya siku mbili harufu ikaisha.

Mahali pa pili ni chini ya fito wanazolalia. Kuku mmoja mkubwa hutoa zaidi ya gramu 100 za kinyesi kwa siku, na sehemu kubwa hudondoka usiku akiwa amelala. Weka ubao au sinia pana chini ya fito, uukwangue kila asubuhi. Ni kazi ya dakika tatu, na kama una nafasi ya kufanya jambo moja tu, fanya hilo.

Halafu chuchumaa, uweke pua usawa wa kichwa cha kuku. Wewe unasimama juu, wao wanavuta hewa ya pale chini mchana na usiku. Amonia ikizidi, macho yao hutoa machozi na njia zao za hewa huharibika. Kwa hiyo acha matundu ya hewa juu, karibu na paa, wala usiyazibe kwa kuogopa baridi.

Jirani kanishauri ninyunyize majivu au chokaa kuua harufu. Nifanye hivyo?

Ninakusihi usifanye hivyo juu ya kinyesi kibichi. Majivu na chokaa vina ualikali, na ualikali ndio unaoifukuza amonia itoke kwenye unyevu iingie hewani. Unaweza kuzidisha harufu uliyokuwa unaikimbia. Majivu yaweke kidogo kwenye vumbi wanalojigaragaza. Na dawa ya klorini ya kung'arishia nguo usiimwage kamwe juu ya kinyesi: ikikutana na amonia hutoa gesi yenye sumu, kwako na kwa kuku.

Uani kwangu kuna sehemu mbili tu za kulisogeza banda. Nilihamishe kila baada ya muda gani?

Penye majani, kila siku, na usirudi pale pa kwanza mpaka majani yachipue tena. Kwa sehemu mbili hilo haliwezekani, tusidanganyane. Ardhi itabaki wazi, na mvua ikinyesha itakuwa matope yanayonuka kuliko banda lenyewe. Lichukulie banda lako kama lisilohama: mwaga maranda makavu, kina cha sentimita 10 au zaidi, geuza kwa reki, ongeza mapya juu. Magurudumu yatumie kukwepa maji ya mvua, na kuliweka mbali na dirisha la jirani. Angalia pia upepo unavuma kuelekea wapi jioni, watu wanapokuwa nje.

Nzi wamenishinda. Nipulize dawa?

Dawa huua nzi unaowaona, huku mayai yamo kwenye samadi. Wakati wa joto, yai la nzi linaweza kuwa nzi kamili kwa siku 7 hadi 10. Ukizoa samadi yote mara mbili kwa wiki, funza hawapati muda wa kukomaa. Iweke kwenye pipa lenye mfuniko, ukiichanganya na majani makavu mengi kuliko samadi yenyewe, maana samadi ya kuku ina naitrojeni nyingi. Itakuwa mboji nzuri, lakini usiitie mbichi kwenye mboga zinazoliwa bila kupikwa.

Nilioshe banda kwa maji mara ngapi?

Mara chache, kila baada ya miezi michache. Kwangua kwanza mpaka uone mbao, kisha maji ya sabuni, dawa mwisho. Dawa haifanyi kazi juu ya uchafu. Anza asubuhi ya siku ya jua kali ili jioni kuku warudi pakavu kabisa. Usiku mmoja kabla ya hapo, pita na tochi kwenye maungio ya fito. Ukiona vidoa vyekundu vinavyotembea, ni utitiri, na nyufa hizo zisugue kwa brashi moja moja.