Bunduki ya mbogo na vitu vya kubeba porini: jibu kwa kijana anayeanza kazi Rungwa

Mkuu aliyefungua uzi anasema amepata nafasi ya kujifunza kazi chini ya mwindaji bingwa, yaani mtu mwenye leseni ya kuongoza wageni wanaolipia kuwinda, kwenye kitalu (eneo la uwindaji) kimoja cha pori la Rungwa, na msimu unafunguliwa Julai 1. Ameuliza mambo matatu: kampuni ina bunduki za .375 na .458 (namba ni unene wa risasi kwa inchi), ashike ipi. Abebe risasi za aina gani. Na avae nini. Walio wengi waliomjibu kwenye uzi huo wamemwambia achukue kubwa, basi. Nami nijibu kwa urefu kidogo, maana kazi hii naipenda na sitaki kijana aianze kwa ushauri wa nusu.

Nilianza kama mfuata nyayo Selous, kabla sehemu kubwa ya pori lile haijamegwa mwaka 2019 kuwa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Baadaye nikafanya mtihani wa uwindaji bingwa, na mpaka leo niko kazini. Mdogo wangu, chukua .375.

Sababu si kwamba .458 ni mbaya. Enzi za Idara ya Wanyamapori, kabla TAWA, mamlaka ya sasa ya kusimamia wanyamapori, haijashika kazi mwaka 2016, askari wengi waliokuwa wakiitwa kufukuza tembo mashambani walikwenda na .458, na ilifanya kazi. Risasi yake ya kawaida ina gramu 32 na kitu, ya .375 ina gramu 19 na kitu. Kwa mwindaji bingwa mzoefu, anayesimama nyuma ya mgeni ili amzuie mbogo anayekuja, uzito ule una maana kubwa. Lakini wewe bado hujafika hapo. Wewe unatakiwa kwanza ujue kuweka risasi mahali pake, na bunduki inayokupiga teke mpaka bega linabadilika rangi haitakufundisha hilo. Itakufundisha kuiogopa. Mwili unaanza kujikaza kabla hujamaliza kuvuta triga, mtutu unainama, na risasi inakwenda tumboni. Mbogo aliyepigwa tumboni hajali kama risasi ilikuwa kubwa au ndogo.

Jipime hivi kambini. Mpe mwenzako bunduki akupakilie bila wewe kuona, mara aweke risasi nzima, mara aweke risasi bandia. Lenga, vuta. Ikitokea ile bandia, na mtutu ukaruka au ukainama, basi umeogopa, na kila mtu ameona. Rudia mpaka mtutu utulie. Halafu rudia ukiwa umesimama, bunduki ikiwa kwenye magongo matatu, maana porini hakuna meza. Nimeona watu wanapiga vizuri sana wakiwa wamekaa na mfuko wa mchanga chini ya mtutu, kisha wanasimama mbele ya kundi la mbogo na mikono inacheza.

Tena .375 ndicho kiwango cha chini kinachokubalika kwetu kwa mbogo, simba na tembo, na imekuwepo tangu 1912. Haikudumu miaka yote hiyo kwa bahati. Kama ile ya kampuni ni Brno ya zamani, ZKK 602 iliyotengenezwa Czechoslovakia, usiidharau kwa sababu mbao imechakaa. Bolti yake, kile chuma unachokivuta nyuma na kukisukuma mbele kupakia, ina ukucha mkubwa unaoshika kitako cha ganda mara tu risasi inapotoka kwenye magazini, kwa hiyo hata ukiwa umechuchumaa, umepinda, au unavuta bolti kwa pupa, risasi inaingia na ganda linatoka. Hicho ndicho cha kukagua kabla ya kuangalia uzuri wa bunduki. Pakia na kutoa magazini nzima kwa kasi, mara nyingi, ukiwa na risasi bandia. Ikikwama hata mara moja, mpelekee fundi kabla ya Julai.

Darubini ya bunduki iwe ya nguvu ndogo, inayokuza mara 1 hadi 4. Mbogo hupigwa karibu, hatua arobaini, sitini, mara chache hatua mia, tena kwenye kivuli cha vichaka. Darubini inayokuza mara kumi itakuonyesha ngozi nyeusi tupu na hutajua ni bega au ni paja. Ibaki kwenye namba ndogo muda wote wa kutembea. Jifunze kulenga macho yote mawili yakiwa wazi.

Risasi. Ziko laini, zinazopanuka zikiingia nyamani, na ziko ngumu, zisizopanuka, zinazopenya mpaka upande wa pili. Kwa mbogo, ya kwanza iwe laini lakini ya daraja la juu, ile ambayo shaba ya nje na madini ya risasi ya ndani haviachani inapogonga mfupa. Zinazofuata ziwe ngumu. Maana ya mpangilio huu ni rahisi: ya kwanza unaipiga ubavuni, mnyama ametulia, unataka iharibu mapafu. Baada ya hapo mbogo anakimbia amekupa makalio, au anakuja uso kwa uso, na unahitaji kitu kitakachopasua msuli na mfupa kikafika ndani. Angalizo moja: kama kuna wengine nyuma ya uliyemchagua, usipige kwanza. Risasi ya .375 inaweza kumtoka huyu ikamjeruhi jike aliyesimama nyuma yake, na mgawo wa kitalu, yaani idadi ya wanyama mlioruhusiwa kupiga, haukuandikiwa huyo jike. Subiri wasogee. Kusubiri ni sehemu kubwa ya kazi hii kuliko kupiga.

Mahali pa kupiga: moyo wa mbogo uko chini kuliko watu wanavyodhani, na mapafu yanaufunika kwa juu. Akikaa ubavu, fuata mguu wa mbele kwa macho kutoka chini, ukipanda mpaka kama theluthi ya kimo cha kiwiliwili, simama hapo. Ukipiga katikati ya kimo cha mwili, umepiga juu. Akikutazama, kichwa kikiwa juu, ni pale shingo inapokutana na kifua. Kichwani usijaribu, kwani ile mifupa ya pembe iliyokutana juu ya paji ni ngao hasa, na ubongo uko chini na nyuma yake. Na ukishapiga, vuta bolti papo hapo, pakia nyingine, piga tena ilimradi unamwona na njia ni safi. Usisimame kushangilia. Mbogo mmoja aliyepigwa vizuri anaweza kukimbia hatua mia na zaidi kabla ya kuanguka, na mara nyingi utasikia ule mlio wake mrefu wa mwisho kabla ya kumwona.

Sasa niseme kwa nini nimekazania risasi ya kwanza. Nikiwa bado mfuata nyayo tulikuwa na mgeni aliyekuja na bunduki mpya kabisa, kubwa kuliko ya mtu yeyote pale kambini. Siku ya kuipima alipiga mara mbili, akashika bega, akasema inatosha. Tulimfikisha kwa dume mzee hatua kama sitini, upepo ukiwa mzuri, mnyama hajui kitu. Risasi ikampata nyuma sana. Mbogo akaingia kwenye majani marefu ya bonde.

Mzee aliyekuwa mwindaji bingwa wetu akasema tukae chini. Tukakaa nusu saa na zaidi, watu wakinywa maji bila kusema neno. Kisha tukaingia. Damu ilikuwa nyeusi, nzito, na juu ya jani moja niliona vipande vya nyasi zilizotafunwa. Damu ya mapafu ni ya rangi ya waridi na ina povu, ukiiona moyo unatulia. Hii ilikuwa ya tumbo. Mfuata nyayo hutangulia bila bunduki, macho yote chini, na wenye bunduki huangalia mbele kwa niaba yake. Huo ni uaminifu ambao huwezi kuulipia. Nyayo zikanyooka, zikapinda kulia, na nikaona kwamba alikuwa amezunguka akarudi kusimama pembeni ya njia yake mwenyewe, akitusubiri. Sikuona mwili, niliona majani yakifunguka. Nililala chini kama nilivyofundishwa, ili mtutu uwe wazi juu yangu. Mzee alipiga kifuani, akavuta bolti, akapiga tena, na yule mbogo akaanguka karibu kiasi kwamba vumbi lake lilituingia machoni. Mzee alikuwa na .375 iliyokwisha rangi.

Hiyo ndiyo hesabu ya kweli, wakuu. Anayelipa gharama ya risasi mbaya ya kwanza si mpigaji peke yake. Ni mnyama anayeteseka, na ni kijana wa kijijini aliyetangulia mbele bila silaha. Kwa hiyo kila kitu unachonunua, kiulize swali moja: kinanisaidia risasi ya kwanza ikae mahali pake?

Kwa swali hilo, kifaa bora kuliko vyote hakina bei. Ni kifuko cha kitambaa, soksi kuukuu inatosha, ukijaze majivu laini ya jikoni. Ukikitikisa, vumbi jeupe linakuonyesha upepo unakwenda wapi. Asubuhi unaweza kuwa na upepo mmoja tulivu, lakini ikifika saa nne, ardhi ya miombo ikishapata joto, unaanza kuzunguka, mara shavuni, mara kisogoni. Mbogo akikuona husimama akakutazama. Akikunusa anaondoka na kundi zima, na siku hiyo imekwisha. Tikisa kila baada ya hatua chache, hasa ukikaribia. Upepo ukigeuka kisogoni, rudi nyuma uzunguke, hata kama umeshaona pembe.

Nyayo utafundishwa na watu wa huko, wasikilize kuliko unavyonisikiliza mimi. Ila anza na kinyesi. Cha muda huu kinang'aa, kina unyevu, nzi wametanda; kikianza kukauka, juu kunakuwa na gamba wakati ndani bado ni kijani. Livunje gamba kwa ncha ya kijiti, gusa kwa mgongo wa kidole. Kikiwa bado na joto, punguza sauti na hatua. Tazama pia kama vijidudu vya usiku vimepita juu ya unyayo. Vikiwa vimepita, mbogo alipita kabla yao. Ukikuta ndege wale wanaookota kupe wanaruka ghafla kutoka vichakani, simama, walikuwa mgongoni mwa mbogo.

Chagua dume mzee. Pembe zake juu ya kichwa zimekutana, ni ngumu kama jiwe, hazina manyoya katikati. Kijana ana manyoya au ngozi laini pale, mwache akue na akazalishe. Kwa simba tumeshakubaliana kitaifa kwamba dume awe na angalau miaka 6, na wanaopiga chini ya hapo huadhibiwa. Kwa mbogo, jiwekee nidhamu hiyohiyo hata pale ambapo hakuna atakayekuuliza. Tanzania ilifunga uwindaji mwaka 1973, ikafungua tena 1978. Kenya ilifunga 1977 na haijafungua. Vitalu vyetu vitabaki wazi kama madume wazee wataendelea kuwepo.

Mavazi: pamba, rangi ya majani makavu, siyo nailoni. Nailoni inapiga kelele kwenye kila mwiba. Epuka buluu na nyeusi, mbung'o huzifuata, na Rungwa mbung'o hawana huruma. Viatu viwe vyepesi, soli laini inayokuwezesha kuhisi kijiti kabla hujakivunja, na viwe umeshavivaa muda mrefu. Kofia yenye ukingo mfupi ili isigonge darubini. Mkanda wa risasi wa ngozi, risasi laini upande mmoja na ngumu upande mwingine, siku zote mpangilio uleule, ili mkono ujue bila macho. Maji beba mengi kuliko unavyofikiri. Mfukoni weka mkanda wa kubana damu, na jifunze kuufunga kwa mkono mmoja, maana pembe ikipasua paja hakuna muda wa kusoma maelekezo.

Na ukifika kitaluni, kabla ya kutoka siku ya kwanza, piga risasi mbili tatu kwenye shabaha hata kama bunduki ilikuwa sawa nyumbani. Barabara ya Itigi kwenda kusini inatikisa gari mpaka skrubu za darubini zinalegea.

Mbogo akianguka, usimfuate kwa mbele. Zunguka, mjie kwa nyuma ya mgongo, risasi iko chemba, mguse jicho kwa kijiti kirefu. Kope ikicheza, piga tena. Kwenye kambi nyingi mchinjaji Mwislamu anataka awahi kabla roho haijatoka, na ni haki yake, ila asisogee mpaka mwindaji bingwa ameruhusu kwa mdomo wake. Askari wa wanyamapori aliyefuatana nanyi ajaze kibali palepale, kabla nyama haijapanda gari.