Barua kwa mwanangu: daftari la nyanya yako

Mwanangu mpendwa,

Umeniuliza uchukue chuo kinachokupunguzia asilimia 40 ya karo kwa ajili ya alama zako, au kile kisichokupunguzia hata senti. Jana baada ya kufunga kibanda nilikaa hapa sokoni Gikomba nikapiga hesabu. Cha kwanza ni 190,000 kwa muhula, ukipunguziwa, 114,000. Cha pili ni 120,000. Tofauti ni 6,000, na si hiyo iliyoninyima usingizi. Nililikumbuka daftari la nyanya yako, lile la jalada la kijani.

Unajua kijiji kilinichangia karo 1996. Sijawahi kukuambia kwamba pesa zile zilirudishwa. Nilipopata ufadhili wa nusu karo, nyanya yako alifurahi mno, akazunguka nyumba kwa nyumba na daftari, akimrudishia kila mtu alichotoa na kutia alama mbele ya jina lake. Nilifuatana naye. Sijawahi kumwona akitembea vile tena. Mwaka uliofuata babu yako akalazwa, wastani wangu ukateremka chini ya B kwa alama mbili, ufadhili ukakatwa. Sharti lilikuwa ukurasa wa pili wa barua. Hatukuwa tumeusoma. Nyanya hakuweza kurudi kwenye milango ileile, nami nikaja Nairobi kuuza nguo.

Karo ni ya miaka minne, mwanangu, si ya muhula wa kwanza. Ukishika ufadhili mpaka mwisho, mihula minane ni 912,000, kule kwingine 960,000. Ukiupoteza baada ya mwaka mmoja, jumla inapita milioni 1.3. Binamu yako alisoma chuo cha binafsi akilipiwa na serikali, kwa mpango ulioanza 2016. Tangu 2023 wanaopangwa na KUCCPS, wale wa serikali wanaowagawia wanafunzi nafasi za vyuo, kwa pesa za serikali wanabaki vyuo vya umma. Kwa hiyo kwenye vyuo vya binafsi kama hivi, walipaji ni sisi wawili na kibanda.

Lakini wewe si mimi. Hujawahi kuteremka, na asilimia 40 hiyo umeitafuta kwa mikono yako. Mbona nikufundishe kuogopa ulichokitolea jasho? Usiku nasema uchukue. Kukicha, nikifungua robota na kukuta nusu ya nguo hazifai, nasema hapana, karo ni ya miaka minne.

Sitakuchagulia. Ulimi unaniwasha, na ukinitazama usoni utajua ninakoelekea, kwa hiyo nayaandika haya badala ya kuja kwako. Waulize kwa maandishi: wastani gani unatakiwa, unapimwa kila muhula au kila mwaka, ukiteremka mara moja unapewa nafasi ya kuinuka, na karo ikipanda punguzo linapanda nayo? Hosteli na nauli ziko nje ya ile 40, hilo nimeshaliona.

Jumapili njoo na barua zote mbili, kurasa zote. Daftari nimelitoa kwenye sanduku la bati, utalikuta mezani.

Mama yako