Kwa kamati mpya ya mkutano wa kisayansi wa wanafunzi: anzeni na ikisiri

Hongereni kwa kuchaguliwa. Najua kikao chenu cha kwanza kitajaa maswali ya ukumbi, fulana na nani awe mgeni rasmi. Kwa miaka niliyokaa kwenye kamati hizi nikiwa mwanafunzi wa sayansi za afya Dar es Salaam, na baadaye nikiwa mhakiki, nimeona mikutano iliyopambwa vizuri ikisahaulika na mingine ya ukumbi wa kawaida ikikumbukwa na kila aliyewasilisha. Kilichoitofautisha ni jinsi ikisiri, yaani muhtasari mfupi wa utafiti ambao kila anayetaka kuwasilisha huutuma, zilivyosomwa.

Fikirieni mwanafunzi wa mwaka wa mwisho. Ametembea kituo cha afya hadi kituo cha afya na dodoso, ameingiza data usiku, ameandika ripoti, imejaladiwa, imewekwa maktaba. Aliyeisoma ni msimamizi wake na labda mtahini mmoja. Mkutano wenu ndio mahali pa kwanza ambapo mtu asiyemjua atasoma kazi yake kwa makini na kumwuliza swali. Mkimpa hilo, mmempa kitu ambacho darasani hakukipata.

Kwa hiyo tangazo la kuita ikisiri litoke miezi sita kabla. Wapeni watu wiki sita za kuandika, wahakiki wiki nne, na majibu yatoke angalau miezi miwili kabla ya mkutano, maana anayetoka Mwanza au Mbeya anahitaji muda wa kutafuta nauli na ruhusa. Tazameni kalenda za vyuo vingine pia, si ya kwenu tu: UE, yaani mitihani ya mwisho wa muhula, hazifanani tarehe, na kuna walio field kwenye mafunzo kwa vitendo. Mwisho wa kulipa ada ya ushiriki msiuweke kabla ya boom, yaani fedha za mkopo wa wanafunzi, kuingia. Mkiuweka, mtabaki na wale wenye wazazi wa kuwalipia.

Ikisiri iwe ya maneno 250 hadi 300, yenye usuli, lengo, mbinu, matokeo na hitimisho. Ondoeni jina na chuo, pachikeni namba, kisha kila moja isomwe na watu wawili. Wakitofautiana sana alama, apewe wa tatu. Kabla ya kazi kuanza, wapeni wahakiki wote ikisiri tano zilezile, wazipe alama kila mtu kivyake, halafu kaeni mlinganishe. Mtashangaa jinsi mmoja anavyotoa tisa pale ambapo mwenzake anatoa nne. Saa mbili za kikao hicho zinaokoa malalamiko ya mwezi mzima.

Wahakiki msiwatafute kwa maprofesa peke yao. Wanafunzi wa uzamili na wahadhiri wasaidizi hujibu haraka, na bado wanakumbuka ugumu wa kuandika ikisiri ya kwanza.

Sasa, jambo ninalowaomba kuliko yote: asitumiwe mtu barua ya kukataliwa yenye sentensi moja ya asante kwa kushiriki. Kila ikisiri, iliyopita na isiyopita, irudi na sentensi tatu za kweli: kipi kimekaa vizuri, kipi kinakosekana, na afanye nini akitaka kuleta tena. Kasoro nyingi hujirudia, kwa hiyo kazi hii si kubwa kama inavyoonekana. Mtakutana na ikisiri inayosema matokeo yatajadiliwa mkutanoni. Mwambieni aandike matokeo yenyewe, au asubiri mwaka ujao akiwa nayo. Mtakutana na anayesema wagonjwa wengi walifanya hivi bila kutaja wangapi, na anayeandika asilimia 66.7 kumbe ni watu 8 kati ya 12. Mtakutana na hitimisho linaloitaka serikali ibadili sera kutokana na wodi moja. Anayeelezwa hayo kwa upole akiwa mwaka wa nne hatayarudia akiwa mtafiti.

Kwenye fomu ulizeni namba ya kibali cha maadili kwa kila utafiti uliohusisha watu. Vyuo vina kamati zao, na ngazi ya taifa ipo Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR). Swali hili liulizwe mapema, si mwasilishaji akiwa jukwaani. Na picha ya mgonjwa anayetambulika isionyeshwe bila ridhaa yake ya maandishi, hata kama imepigwa vizuri.

Siku yenyewe, mawasilisho yaanze saa mbili na nusu asubuhi, ufunguzi rasmi uwe saa nne. Mgeni rasmi akichelewa, sayansi haimsubiri. Akiwahi, atakuta vijana wako kazini, na hilo linampendeza kuliko viti vitupu. Wasilisho dakika nane, maswali dakika nne. Mwenyekiti wa kipindi awe amesoma ikisiri zote za kipindi chake na awe na swali moja mkononi kwa kila moja, ili asiwepo anayeshuka jukwaani bila kuulizwa. Swali la kwanza wapeni wanafunzi. Slaidi zinaweza kuwa za Kiingereza, lakini mtu akitaka kuuliza kwa Kiswahili aulize. Nimeona mijadala ikichangamka pale ruhusa hiyo inapotangazwa tangu asubuhi.

Wanaowasilisha utafiti wao kwa mabango ndio huonewa zaidi. Mabango yanabandikwa kwenye korido, watu wanapita na chai, na mwenye bango anasimama peke yake. Pangeni watu wawili wa kulitembelea kila bango kwa saa maalumu na kumsikiliza mwenyewe akieleza. Na msimlazimishe mtu kuchapa karatasi kubwa ya A0. A1, ambayo ni nusu yake, inasomeka vizuri kama maandishi si mengi, na bei yake ni nafuu.

Fedha zipite kwenye akaunti ya chama au ya chuo, kwa saini mbili, kamwe si kwenye simu ya mtu. Wafadhili wapeni meza nje ya ukumbi, lakini wasichague mada wala mshindi.

Wanafunzi wa fizikia walianza mkutano wao wa kimataifa Budapest mwaka 1986, na mwaka uliofuata wakaunda chama chao. Mkutano ule unahama nchi hadi nchi, na waandaaji wanahitimu na kuondoka, lakini unaendelea kwa sababu kila kamati inaikuta kazi ya iliyotangulia. Ninyi pia fungueni barua pepe ya mkutano isiyo ya mtu binafsi, na humo wekeni fomu, bajeti, orodha ya wahakiki na barua zote. Kitabu cha ikisiri kipelekeni maktaba ya chuo, kwa ridhaa ya waandishi. Na kwenye kamati ya ikisiri waingizeni wanafunzi wa mwaka wa pili tangu sasa, wakae kwenye kile kikao cha kulinganisha alama, kwa kuwa baada ya miaka miwili watakaokiongoza ni wao.